Nyanya Anasema Hajakoma

Mwaka juzi nilimsahihisha mzee wa kanisa akiwa katikati ya sala. Ilikuwa Sabato asubuhi, tumepiga magoti, macho tumefumba, naye akasema, "Ee Bwana, ibariki kanisa hii yako." Nikasikia joto linapanda kutoka kifuani, likafika shingoni, likaingia masikioni, na kabla sijajua mdomo ni wangu au wa nani, nikapaza sauti: "Libariki! Kanisa hili lako!" Mzee akafumbua jicho moja, akalifumba, akasema, "Naam Bwana, hili." Washiriki wa nyuma waliitikia amina wakidhani nimepewa ufunuo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa, mwaka wa ishirini na sita sasa. Ngeli zikivunjwa mbele yangu si jambo geni. Kwetu Kisii nyumbani ni Ekegusii. Kiswahili ni cha shule, cha mjini na cha wageni, na ngeli zikipanda milima hii hufika zimechoka. Miaka yote nilizivumilia darasani nikazisahau barabarani. Lakini mwaka juzi kila kosa liliniwasha kama upupu. Mama mmoja sokoni aliniambia, "Mwalimu, parachichi hii ni tamu," nikamfundisha "hili" na "haya" mpaka mvua ikatukuta palepale. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akaniuzia yaliyooza.

Nilikuwa na miaka arubaini na tisa. Tunaishi kwenye mteremko wa Nyanchwa, mahali ambapo watu huvaa sweta mwezi wa kwanza na hawalivui hadi wa kumi na mbili. Mimi nilikuwa navua langu mara tisa kwa siku. Nikilivua, baridi inaniingia. Nikilivaa, jasho linanitiririka mgongoni. Na katikati ya kuvua na kuvaa nilikuwa nalia. Nililia kwa sababu kifuniko cha sufuria kimepotea. Kilipopatikana nililia tena, kwa kuwa kilikuwa pale pale muda wote, peke yake.

Kwetu ukisema mwili unawaka, kila mtu ni daktari na ugonjwa ni mmoja. Nilimeza dawa za malaria mara mbili. Mume wangu, ambaye ana duka la pembejeo na dawa za mifugo, alinitazama wiki nzima kama anayepima uzito kwa macho, mwishowe akaniletea pakiti ya unga mweupe.

"Mwalimu, chukua kijiko kimoja asubuhi," akasema. "Ni madini."

Nikaigeuza pakiti. Ilikuwa na picha ya ng'ombe.

"Ng'ombe akifika umri fulani huongezwa," akaeleza, kwa upole kabisa.

Sitaandika nilichomjibu. Kesho yake alirudi na feni. Feni, Kisii! Muuzaji alimuuliza kama anahamia Mombasa. Tangu siku hiyo mimi nililala mbele ya feni, naye akalala nyuma yangu na mzula kichwani, soksi miguuni na koti la mvua juu ya blanketi, hanung'uniki. Ukimya wake ulinikasirisha kuliko kitu kingine chochote.

Kilichonisaidia kidogo kilikuwa kiboko. Nilimnunua mjini, amechongwa kwa lile jiwe laini la Tabaka, mnene, ukubwa wa mkate wa nusu. Jiwe lile hushika baridi. Nilimlaza kwenye friji, asubuhi nikambeba ndani ya mkoba, na joto likija namtoa, namkandamiza kwenye kisogo, naendelea na viambishi. Habari zilienea shuleni kwamba mwalimu wa Kiswahili ana kiboko, na kwa siku mbili kidato cha tatu walikaa wima wakidhani ni kile cha kuchapia.

Hayo yote ni ya kuchekesha, nami nayacheka sasa. Hili linalofuata silicheki.

Nina binti mmoja wa miaka ishirini na miwili, aliyekuwa amemaliza chuo na yuko nyumbani akitafuta kazi. Alilelewa mjini, Ekegusii chake ni cha kuombea maji tu. Jioni moja ya mvua aliinuka akafunga dirisha la sebuleni.

"Mama, hii dirisha yako itatuua na baridi."

"Dirisha hili," nikasema. "Dirisha hili lako litatuua."

"Dirisha ni dirisha, Mama. Baridi haijui ngeli."

Alisema kwa utani. Wakati mwingine wowote ningecheka, nikampelekea baba yake mzaha huo. Lakini joto lilikuwa limeshafika masikioni, na hapo nilipokuwa nimesimama na kiboko wa jiwe kisogoni, nikamwambia, "Afadhali ningezaa jiwe. Lingenifaa."

Binti yangu alinitazama. Kisha akamtazama kiboko.

"Basi unalo," akasema. Akaingia chumbani, na asubuhi akapanda kwenda Nyamira kwa mama yangu, na begi lake lote.

Nililojutia si ukali tu. Ni kwamba maneno yale hayakuwa yangu. Niliyasikia nikiwa na miaka kumi na minne, huko huko Nyamira, siku niliyoacha ndama akaingia kwenye wimbi, ule ulezi wa uji, akala mistari miwili. Mama alisimama kando ya shamba akanitazama, akasema kwa Ekegusii, "Afadhali ningezaa jiwe, ningesagia wimbi." Mimi ni kitinda mimba wake. Sikuwahi kumjibu wala kumuuliza. Nilisoma kwa hasira ya maneno hayo, nikawa mwalimu kwa hasira hiyo hiyo, nikamjengea nyumba ya mabati mekundu, na kila nilipomletea sukari nilikuwa nasema moyoni: haya, jiwe limeleta sukari. Niliapa kwamba mtoto wangu hatayasikia kamwe. Sasa alikuwa ameyasikia kwa mdomo wangu, na ilinijia hofu kwamba atayabeba miaka thelathini na mitano kama mimi, kisha ampe mtoto wake.

Nilimpigia simu, hakushika. Nikamwandikia ujumbe, na kwa kuwa nimelaaniwa, niliuandika vizuri mno, na vituo vyote. Hakujibu.

Wiki hiyo nilikwenda kliniki kuomba dawa ya malaria mara ya tatu. Muuguzi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa na plasta, alinikatalia.

"Mwalimu, hakuna mbu hapa," akasema. "Huu ni mwili unajiandaa kukoma hedhi. Hasira, machozi, joto, kusahau, ni kitu kimoja. Hujaanza wazimu."

"Nitakaa hivi mpaka lini?"

"Kila mtu na wake. Lakini mabinti mara nyingi hufuata mama zao. Mama yako alikoma lini?"

Nikamtazama kama aliyeniambia nimvue mama yangu nguo sokoni. Muuguzi alikuwa Mgusii pia. Akagundua alichosema, akashika kalamu yake. Kwetu kuna ensoni, haya iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto wake, na mambo ya mwili hayavuki hapo. Unaweza kumpikia mama yako, kumwogesha akiugua, kumzika, lakini huwezi kumuuliza lile. Nyanya na mjukuu ndio wasio na mpaka. Hao hutaniana na kutaja kila kitu mpaka mtu mzima unatoka nje kwenda kuangalia mifugo ambayo haina shida yoyote.

Kwa hiyo jibu nililohitaji lilikuwa kwa mama yangu, mwenye ruhusa ya kuliuliza alikuwa binti yangu, na binti yangu hasemi nami. Na zaidi ya tarehe, nilitaka kujua jambo jingine ambalo sikumwambia muuguzi. Nilipiga hesabu nikaona kwamba mwaka wa ndama, mama yangu alikuwa na miaka arubaini na minane. Nilitaka kujua kama siku ile alikuwa ni yeye, au alikuwa anawaka.

Nikampigia wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeuza ndizi Keroka. Wifi hana ensoni na mtu yeyote, ndiyo maana tunamtuma. Binti yangu anampenda na hushika simu zake. Nilimwandikia swali alisome kama lilivyo, na kwa kuwa hata kwenye karatasi sikuweza kuweka lile neno linalofuata "kukoma" kando ya jina la mama yangu, nililiacha. Niliandika, kwa Kiswahili safi ambacho wote watatu wangekielewa: "Muulize nyanya yako alikoma lini, na alipokuwa akikoma alijisikiaje."

Nililisoma mara tatu. Nikaona ni swali la heshima, lenye staha, halina kasoro. Ningempa mwanafunzi alama zote.

Jibu lilinikuta chumba cha walimu, saa ya chai.

"Wifi, umekaa?" akauliza.

"Nimekaa."

"Basi kaa vizuri. Nyanya anasema hajakoma."

Nikadhani mtandao umekatika. Mama yangu ana miaka themanini na mitatu.

"Hajakoma nini?"

"Hajakoma, wifi. Msichana amemuuliza vile uliandika, na nyanya ameshtuka sana, akauliza nani amekuambia. Halafu akasema ukweli. Alijaribu kukoma mwaka jana, wiki moja tu, ikamshinda. Akiwa na mawazo inarudi kwa nguvu. Hata leo asubuhi."

"Leo asubuhi!"

"Baada ya kukamua. Na anakuomba sana usiambie mzee wa kanisa."

"Mzee wa kanisa anaingiaje hapo?"

"Wifi, mimi nauza ndizi," akasema. "Nimekupa vile nimepewa. Lakini ukoo wenu uko na damu."

Akili iliniambia haiwezekani. Lakini mwaka ule akili yangu haikuwa na kura. Nilichukua kalamu nyekundu, na pembeni mwa insha ya mtoto wa watu nikatoa arubaini na tisa kutoka themanini na tatu. Thelathini na nne. Miaka thelathini na minne mingine ya feni, ya jasho, ya kulilia vifuniko. Mume wangu atakufa na nimonia. Nilimtoa kiboko nikamwekea paji la uso juu yake, na walimu wenzangu wakajifanya wanatafuta chaki.

Jioni nilimweleza mume wangu.

"Hata ng'ombe hawezi," akasema.

Nikamuuliza kwa nini kila mara ni ng'ombe. Akasema hana mfano mwingine, ndiyo kazi yake. Halafu akasema neno la maana kuliko yote yaliyosemwa nyumbani mwetu mwaka ule: "Twende tumuone."

Tulikwenda Jumapili. Aliendesha gari na madirisha yote manne yamefunguliwa, kwenye ukungu wa asubuhi, mzula umefika kwenye nyusi, na wachuma chai walisimama kando ya barabara kutuangalia. Mkoba nilikuwa nao mapajani, na kiboko ndani.

Mama alikuwa jikoni, kile kijumba cha moshi ambacho hajakiacha hata baada ya nyumba ya mabati. Binti yangu alikuwa kwenye kigoda akimenya ndizi za kupika, na nilipoingia hakuinua kichwa. Mume wangu, ambaye haruhusiwi kumkaribia mama mkwe wake mpaka jikoni, alibaki nje akisifu ng'ombe kwa sauti.

Mama aliniona akasimama. Kabla sijamsalimu alifungua fundo la leso kiunoni, akatoa kichupa cha dawa ya macho, akakibandika kiganjani mwangu kwa mikono miwili.

"Chukua," akanong'ona. "Nimekoma leo. Lakini kanisa isisikie, mwanangu. Mimi ni shemasi miaka hamsini."

Nikafungua kichupa. Nikanusa. Nilipiga chafya saba, machozi yakanitoka, kiboko akaanguka kwenye majivu.

"Polepole," mama akasema. "Hiyo ni kali."

Ugoro. Mama yangu, ambaye kanisa lake halitaki tumbaku hata ya kutajwa, alikuwa ananusa ugoro. Zile chafya zake ambazo maisha yangu yote tuliambiwa ni vumbi la majani chai, zile zilizofanya ndugu zangu wamnunulie dawa za mafua kila Krismasi! Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameelewa mapema kuliko mimi, maana kisu kilikuwa chini na ameshika nguzo kwa mikono yote, anacheka bila sauti.

"Nyanya," akasema alipopata pumzi, "mama hakuwa anauliza ugoro. Alikuwa anauliza ile ya wanawake. Ya mwezi. Ilikoma lini."

"Uuuwi!" Mama akajifunika mdomo na leso. "Mwanangu ndiye anauliza hiyo?"

Akanigeuzia mgongo, akaukabili moto. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Miaka ishirini na minne ya kuwafundisha watoto kwamba neno moja huwa na maana mbili, na nilikuwa nimemtoa shemasi wa miaka hamsini jasho kwa neno moja. Niliinama kuokota kiboko ili niondoke.

"Mjukuu wangu," mama akasema, akiutazama moto, "mwambie mama yako akae."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Mama, anasema ukae," binti yangu akasema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya siku kumi na saba.

Nikakaa. Na hivyo ndivyo tulivyozungumza, mama na mimi, kwa mara ya kwanza, bila kuvunja ensoni hata kidogo. Alimwambia mjukuu wake, kwa kile Kiswahili chake cha kanisani na cha kituo cha majani chai, na mjukuu wake alinigeukia akarudia kila neno, kana kwamba mimi niko Tanzania.

"Mwambie, mwaka ile ndama ilikula wimbi, mimi nilikuwa nawaka. Nilikuwa naingia mtoni na nguo zangu. Nilifikiri nimerogwa. Mama yangu hakuniambia, alikuwa na ensoni. Mimi pia sikusema, nilikuwa na ensoni."

"Anasema alikuwa anawaka, Mama."

"Mwambie, mong'ina mmoja, mama mzee wa ng'ambo ya mto, alinipa hii ugoro. Alisema inapoza kichwa. Haikupoza. Lakini nikaipenda. Ile ingine ilikoma baada ya miaka mitatu. Hii ndiyo haijakoma."

Miaka mitatu. Muuguzi angefurahi. Lakini mama hakuwa amemaliza. Alichokora moto, ingawa ulikuwa unawaka vizuri.

"Mwambie, ile maneno ya jiwe. Nilitaka kuirudisha jioni ile ile. Sasa mzazi anarudisha maneno aje kwa mtoto? Nikampikia yai."

Binti yangu akanigeukia. "Anasema alikupikia yai," akasema, na safari hii hakuelewa alichobeba.

Mimi nilielewa. Nililikumbuka lile yai. Watoto tulikuwa saba na kuku walikuwa wachache. Yai lilikuwa la mgeni au la mgonjwa. Jioni ile lilikuwa juu ya sahani yangu peke yangu, limechemshwa, limemenywa, na chumvi pembeni. Nilidhani ananidhihaki. Nilitoka nalo nje nikampa mbwa, na nilihakikisha ananiona.

"Mwambie yai ile ilikuwa ni pole," mama akasema.

Nililia hapo jikoni, na hayakuwa machozi ya homoni. Nililia kwa ajili ya yule mwanamke wa miaka arubaini na minane aliyesimama mlangoni akiangalia mbwa akila pole yake. Miaka thelathini na mitano nimembebea kinyongo kwa maneno aliyojaribu kuyarudisha kabla ya jua kuzama. Nilimwonea. Nilimwonea sana, na sukari yote ile niliyompelekea haikuwa imelipa chochote.

Nilipofuta machozi nikasema, "Baba." Kwa Ekegusii mama mzazi ndiye huitwa baba, jambo ambalo limeharibu insha nyingi shuleni kwetu. "Baba, mwambie mjukuu wako..."

"Mimi si posta," mama akauambia moto. "Huyo ni mtoto wako. Mwambie."

Ensoni ilimpa yeye njia ya kuzunguka. Mimi ilininyima. Nilimgeukia binti yangu, na sentensi zote nzuri nilizokuwa nimezipanga siku kumi na saba zikanikimbia.

"Sikuzaa jiwe," nikamwambia. "Nisamehe."

Alichukua ganda la ndizi, akalikunja, akalikunjua.

"Mama," akasema, "moyo yangu iliuma."

Niliyaona yote mawili yakija, kosa la kwanza na kosa la pili, yameshikana mikono, na joto likapanda kifuani, likafika shingoni, likafika masikioni. Nikafungua mdomo.

"Iliuma sana?" nikamuuliza.